Majivu ya Upande wa Kushoto

Mbweni, Dar es Salaam
Jumapili, 21 Januari 2024

Mjomba Thuwaini,

Shikamoo, na salamu nyingi kutoka kwa watu wawili waliobaki katika nyumba hii. Sie wazima kwa kiasi. Joto la mwezi huu halisemeki. Khitma ya baba ilisomwa Ijumaa, watu wakajaa mpaka kwa jirani yetu Mwalimu Tekla, naye, Mkristo wa Rombo, alipika sufuria mbili za wali bila kuombwa. Ulikosekana wewe tu. Watu walipouliza, mama aliwajibu kwamba kaka yake yuko na tumbaku yake Urambo na msimu haumsubiri mtu. Alisema bila hasira, lakini alisema mara mbili.

Ningekupigia simu, ila mara ya mwisho uliniitikia "ndiyo" kwa kila nililosema, hata nilipokuuliza umri wako. Na mama anasikia kila kitu humu ndani. Kwa hiyo naandika, na kondakta wa basi la Tabora amekubali kuibeba barua.

Mama anakaa eda yake ya miezi minne na siku kumi kwenye chumba cha mbele, kile ambamo baba alikuwa akivutia siga ulizomsokotea, zile nene za jani tupu la tumbaku. Kasha la mwaka huu alikuwa hajalifungua. Siku ya tatu baada ya mazishi mama akalifungua yeye. Kila siku baada ya Alasiri anaiwasha moja kwenye kaa la chetezo, anailaza kwenye kisahani mbele ya kiti cha baba, kisha anakaa mkekani kuitazama. Haivuti. Alisema anataka harufu tu, nami nikaona kila mtu analia anavyojua.

Lakini Mjomba, inaungua yenyewe mpaka mwisho. Baba akiiweka chini kidogo tu ilikuwa ikizimika, akalalamika, akawasha tena. Hii haizimiki. Kaa lake linang'aa, linafifia, linang'aa tena, kwa mwendo wa mtu anayevuta bila haraka. Na majivu hayaanguki. Yanasimama meupe, urefu wa kidole changu, hata feni ikiwa imewashwa. Baba alikuwa akikung'uta kila dakika. Mkono wa kiti chake umejaa matundu ya moto. Wewe ndiye mtu wa tumbaku. Niambie kama hayo ni ya kawaida.

Nikwambie na linalonikosesha raha hasa. Kabla ya msiba tulikuwa tumepanga nyumba Boko, karibu na barabara, niache kuamka alfajiri kuwahi ofisini Kurasini. Mama aliahidi kwamba eda ikiisha tutahama. Sasa nikimtajia anasema tutaona. Kikombe cha uji anakirudisha nusu. Amekonda. Naogopa kwamba siku ya kutoka itafika na yeye hatatoka chumba kile.

Mpwa wako,
Lujain

*

Urambo, Tabora
4 Februari 2024

Kwa mpwa wangu Lujain, mwandishi pekee aliyesalia katika ukoo huu wa wapiga simu,

Marahaba. Barua yako ilifika ikiwa na harufu ya samaki wa kondakta, lakini ilifika. Huku wazima. Binti yangu Abrar amejifungua mtoto wa kiume, kichwa kikubwa, sauti kubwa, kwa hiyo hata mimi namsikia. Goti langu la kulia limegoma. Mvua ni nzuri na jani ni pana.

Kutokuja kwangu mazikoni kuliniuma. Baba yako Hudhaifa kwangu alikuwa zaidi ya shemeji. Mwambie mama yako hivyo.

Sasa siga. Umemwuliza mtu sahihi, na jibu ni rahisi hata linachosha. Kasha likikaa mahali pakavu, jani hupoteza maji yake, na moto ukishika unakwenda wenyewe. Kung'aa na kufifia ni upepo wa dirishani. Majivu kuwa meupe ni udongo wetu. Majivu kusimama ni sifa kwangu: ndani ya siga zangu naweka majani marefu mazima, hayo hushikana hata yakiisha kuungua. Anayeweka vipandepande ndiye anayeangukiwa na majivu kwenye kanzu. Chukua kipande cha tofali, kiloweshe, kifunge kwa kitambaa safi, kiweke ndani ya kasha. Baada ya wiki itazimika kwa adabu.

Usianze kusoma majivu, mwanangu. Ukiyatazama sana kila kitu kitaonekana humo.

Swali moja dogo, la kiufundi tu. Siga hutoka kwangu ikiwa imezibwa kichwani, upande wa mdomoni. Mtu asipokata hapo kwa kisu, hewa haipiti. Je, mama yako anakikata?

Mjomba wako,
Thuwaini

*

Mbweni
Jumapili, 18 Februari 2024

Mjomba,

Shikamoo, na hongera ya mjukuu, ambaye kwangu ni mpwa au mtoto, maana Abrar kwangu ni dada na sijui tena hesabu yenu. Mwambie namtumia nguo za mtoto kwa basi hilohilo, na kondakta nimemwomba asizilaze juu ya samaki.

Tofali nililiweka. Leo ni siku ya tisa na hakuna kilichobadilika.

Mama hakati kichwa. Hajui hata kwamba hukatwa. Swali lako lilinifanya nivichunguze vile vipande vinavyobaki, maana mama havitupi, anavipanga kwenye bati la biskuti. Kila kimoja kimeng'atwa. Si kukatwa kwa kisu, ni meno, na meno yenyewe yako upande mmoja tu. Cha jana nilikigusa mara tu moto ulipoisha. Kilikuwa na unyevu.

Tena haiungui sawasawa. Upande mmoja unaliwa mbele, mwingine unabaki nyuma na jani lake zima, hadi siga yote inakuwa na umbo la mtumbwi. Ni hivyo kila siku na kila siga, na upande hauhami.

Mwalimu Tekla aliingia Alhamisi na sahani ya ndizi za nyama. Alikaa kidogo akiitazama kisahanini. Kisha akasimama na kumwambia mama, kwa ile sauti yake ya darasani, "Mama Lujain, hii sigara ina mwenyewe." Mama akamjibu kwamba anajua. Tangu hapo Tekla anatuletea chakula mpaka getini.

Mjomba, ninajikaza kwenye karatasi lakini ninaogopa. Naomba uje. Wewe ni kaka yake wa pekee, wewe ukimwambia atoke atatoka.

Lujain

*

Urambo
3 Machi 2024

Lujain mwanangu,

Salamu. Mtoto anaendelea vizuri, wamemwita Jabiri. Nguo zimefika.

Siwezi kuja. Tunakausha jani, na bani haliachwi. Kwa wewe usiyelijua, bani ni ile nyumba ya udongo tunamotundika tumbaku na kuipasha moto kwa siku sita, usiku na mchana, na lazima mtu awe zamu mlangoni pa moto. Halafu goti.

Kuungua upande ni kosa la mvutaji. Mtu anayeishika siga kwenye pembe ya mdomo, asiizungushe, moto hula upande ule. Ni jambo la kawaida kabisa.

Upande gani? Usinitazamie kutoka mkekani, maana kulia kwako ni kushoto kwa mwingine. Kaa kwenye kiti, mahali pa mvutaji, ndipo uniambie. Usimwambie mama yako kwamba nimeuliza.

Thuwaini

*

Mbweni
Jumapili, 17 Machi 2024

Mjomba,

Shikamoo na Ramadhani njema. Tumefunga salama. Mama anafunga kama watu wengine, ila futari anaigusa tu kwa ncha ya vidole.

Siku ya kwanza ya mfungo aliiwasha saa yake ileile. Ilikataa. Akaishindilia kwenye kaa la chetezo, ikafuka, ikazima. Mara tatu. Mama akaiweka kisahanini akaniambia, bila mshangao wowote, kwamba amesahau, naye amefunga. Sikuuliza nani. Ilipotoka adhana ya Magharibi, kabla hatujatia tende mdomoni, ikashika yenyewe pale ilipolala. Imekuwa hivyo kila siku tangu hapo.

Jana nilifanya ulivyotaka. Mama alipokwenda kutia udhu nilikaa kwenye kiti cha baba. Ni kushoto, Mjomba. Moto ulikuwa umekula kushoto kote na majivu yamejikunja huko, marefu, na kulia jani likiwa bado la kahawia. Nilikuwa sijainuka mama akarudi. Hakupaza sauti. Alisema, "Inuka, mwanangu. Hapo pana mtu."

Baba alikuwa akivutia kulia. Naona siga mdomoni mwake katika kila picha tuliyo nayo. Nimezitoa zote nikazipanga kitandani. Zote kulia.

Nijibu haraka.

Lujain

*

Mbweni
Jumapili, 14 Aprili 2024

Mjomba,

Eid Mubarak, imechelewa. Nimesubiri wiki nne. Kondakta ananiapia kwamba alikukabidhi barua mkononi, na kwamba uliisoma palepale stendi, ukaikunja, ukaomba maji ya kunywa.

Mvua huku haikati. Ukuta wa chumba cha mbele umelowa, kiberiti hakiwaki jikoni, na siga inaungua.

Mama hawezi tena kupanda ngazi mbili za barazani bila kushika ukuta. Zimebaki wiki nne eda iishe. Nilimletea funguo za Boko azione, nikamwekea kwenye kiganja. Alizishika kwa adabu kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa wageni, akanirudishia.

Jana akaniuliza, "Mjomba wako amejibu?" Mimi sijamwambia kwamba nakuandikia, wala barua zako haziachi mkoba wangu. Akasema, "Muulize tarehe. Mwambie dada yako anauliza tarehe tu."

Basi nakuuliza, ingawa sijui ninauliza nini. Tarehe gani?

Lujain

*

Urambo
28 Aprili 2024

Mwanangu Lujain,

Salamu zangu leo ni fupi, unisamehe. Jabiri ana kikohozi, goti ni lilelile. Nimeandika barua hii mara tano.

Mama yako hakukwambia kwamba kabla ya baba yako aliolewa na mtu mwingine. Si siri ya aibu, ni jambo lililoachwa tu mpaka likaota nyasi. Aliitwa Muhannad. Hakuwa na ndugu, alilelewa na watu, na alikuwa rafiki yangu kuliko wote. Yeye ndiye aliyenifundisha kusokota siga. Meno yake ya kulia yaliondoka katika ajali ya lori, kwa hiyo alivutia kushoto, aking'ata kichwa badala ya kukikata. Hakuwahi kukung'uta. Alikuwa akitushindanisha nani atatunza majivu marefu zaidi, na hatukumshinda.

Tulikuwa pamoja huku Urambo, mama yako yuko kwa wazee Temeke akingoja msimu uishe. Muhannad alikufa tarehe 2 Aprili 1995. Bani liliwaka. Alikuwa amelala ndani kwenye magunia, na aliyetakiwa kuwa mlangoni pa moto hakuwepo. Zamu ilikuwa yangu.

Nilimwandikia mama yako barua. Niliandika kwamba Muhannad alikufa kwa homa tarehe 20 Novemba 1994, na kwamba mafuriko yalikata njia ndiyo maana habari imechelewa. Unajua eda inahesabiwa tangu siku ya kufa, hata kama mke amechelewa kusikia. Shehe wa Temeke alihesabu, akaona miezi minne na siku kumi imeshapita. Kwa hiyo hakukaa hata siku moja. Hudhaifa alikuwa akimtaka tangu zamani. Baada ya wiki sita akamwoa. Wewe ukazaliwa mwaka uliofuata.

Utauliza kwa nini. Mwanamke aliyekaa eda ana muda mwingi wa kuuliza. Angeuliza alikufaje, nani alikuwepo, kaburi liko wapi. Nilitaka awe kwenye nyumba nyingine kabla hajaanza kuuliza, na haraka hiyo ndiyo iliyoandika tarehe. Mimi nimeitazama ile tarehe kila mwaka kwa miaka ishirini na tisa.

Msomee mama yako barua hii. Sina uso wa kuja.

Thuwaini

*

Mbweni
Jumanne, 14 Mei 2024

Mjomba,

Shikamoo. Sikuwa na hakika kama nitaiandika tena salamu hiyo, lakini mama amesema niiandike.

Nilimsomea barua yako neno kwa neno. Nilidhani atalia au atakulaani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniagiza kwenye sanduku lake la mninga, chini kabisa, nilete kanga. Ni kanga ya zamani, haijavaliwa, bado gundi ya dukani imo. Akasema Muhannad alimtumia kwa mkono wa mlinzi wa treni aliyeagana naye juzi yake, na ilifika katikati ya Februari mwaka ule wa tisini na tano. "Maiti hatumi kanga," akaniambia. "Mie nilijua siku ileile barua ya kaka yangu ilipofika. Nilimtaka Hudhaifa, nikaikubali tarehe. Kaka yangu aliandika uongo, mie nikaolewa juu ya uongo huo."

Kumbe mlikuwa wawili. Nilikasirika, Mjomba, na bado nimekasirika. Nililia jikoni mpaka Tekla akanisikia kwake na kuja, akapita getini kwa mara ya kwanza tangu Februari.

Jumapili eda iliisha. Wanawake walikuja na maji, udi na nguo mpya, mama akaoga, akavaa, kila mtu akamwambia amependeza. Mimi nilikuwa na funguo za Boko mfukoni na gari limeshaitwa. Baada ya Alasiri akaomba dakika za siga moja ya mwisho. Iliungua kushoto kama kawaida, majivu yakasimama yote, hayajawahi kuwa marefu vile, siga nzima ikawa majivu matupu yenye umbo lake. Mama akainama akasema, "Miezi minne na siku kumi, Muhannad. Umepata yako." Majivu yakaanguka. Mara moja, yote, na chumba kikawa na ubaridi kidogo, basi.

Nikamshika mkono tutoke. Akaniambia ameshatoka eda ya Muhannad, na kesho anaanza ya baba yangu. Nilimwambia shehe hatakubali hesabu hiyo. Akasema shehe alishakubali hesabu mbovu zaidi.

Jana akarudia nguo zake nyeupe za eda, akawasha. Nilikaa naye mkekani maana sikuwa na nguvu za kugombana. Ilizimika. Akawasha tena. Ikashika upande wa kulia, na majivu hayakufika hata unene wa ukucha, yalikuwa yakidondoka vipandepande, tik, tik, nje ya kisahani, ovyo, kama alivyokuwa akifanya. Leo asubuhi mkono wa kiti una tundu jipya. Nimeingiza kidole changu. Mjomba, nilifurahi. Sijui kama ni halali kufurahi hivyo, lakini nilimkalia baba mapajani kwa akili yangu, nikalia vizuri kwa mara ya kwanza tangu afe.

Na mama amekula. Bakuli zima la uji, na ndizi mbili za Tekla, na akauliza Boko kuna uwanja wa kutosha wa kuanika nguo au la. Nimewaambia wenye nyumba wanisubiri mpaka Septemba.

Siga zimebaki kumi na moja. Mama anasema umsokotee Hudhaifa kasha jingine, na safari hii ulilete mwenyewe.

Lujain

*

Urambo
16 Mei 2024

Mpwa wangu,

Barua yako bado haijafika, kama umeandika. Salamu kwenu wote. Jabiri amepona, Abrar amempeleka kwa wakwe, nimebaki peke yangu nyumbani.

Huna haja ya kunieleza kwamba mama yako amemaliza. Najua, na nitakwambia nimejuaje.

Mimi huvutia kulia na huizungusha siga kila mvuto. Kwa miaka hamsini sijaunguza upande. Jumatatu, baada ya Alasiri, niliwasha yangu barazani, mvuto wa tatu nikaona inaliwa kushoto. Nikaigeuza. Moto ukageuka nao, ukabaki kushoto. Nikakung'uta. Majivu hayakuanguka. Nikaiweka chini, ikaendelea kung'aa na kufifia, nami nikatazama majivu yakirefuka, na kusema kweli yalikuwa mazuri sana. Hatukumshinda kamwe.

Nimetoa kiti cha pili. Jana nilisokota mbili, moja nikaacha kichwa bila kukata.

Sikuogopa kama nilivyodhani. Nilimweleza Muhannad yote, tangu pombe niliyokwenda kunywa usiku ule mpaka tarehe niliyoandika. Siga yake ilikaa muda mrefu bila kung'aa, kisha ikaendelea.

Tumbaku yote imeshakwenda sokoni na bani ni tupu. Leo asubuhi nimekuta mtu ameshapanga kuni kwenye tundu la moto, kwa mpango wa Muhannad, magogo mazito chini na membamba juu, na ndani magunia yametandikwa, palepale alipolala yeye usiku ule. Mwambie dada yangu nimempa tarehe aliyoitaka, na anisamehe akiweza. Kasha la Hudhaifa nimeshalisokota, liko juu ya kabati, Abrar atalileta.

Jua linashuka, goti limeacha kuuma. Zamu ni yangu, nakwenda.

Thuwaini